Jioni Nyanya Alipoimba

Mwezi uliopita nilirudi Kisauni kumwona mama. Nilipopita uchochoro wetu nikakuta nyumba ya majirani imebomolewa, vibarua wanachanganya zege palipokuwa sebule. Nilisimama pale mpaka mmoja wao akaniuliza, "Dada, wamtafuta nani?" Nikaendelea na njia yangu.

Ilikuwa nyumba ya wanamuziki. Baba alipiga udi, mama aliimba, na binti yao, rika langu, alipiga kanuni, lile sanduku la nyuzi nyingi linalopakatwa mapajani. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu cha kale, ndefu. Mama yule aliweza kuurudia mstari mmoja mara kumi, na kila mara ukawa mpya. Sisi tulikuwa Wagiriama wa kwaya ya kanisani, Kiarabu hatukijui, lakini wakianza mazoezi mama yangu alizima redio, akaendelea kuchambua mchicha kimyakimya.

Aliyewafundisha wote ni nyanya, mamake yule baba. Nilipomjua, masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Hata radi haikumshtua. Tulimsemesha kwa mikono.

Nikiwa darasa la sita, wale watatu walialikwa kwenda kuimba Maskati, Omani, majuma matatu. Nyanya hakuiweza safari. Kila nikitoka shule nilimpelekea chakula, nikamtolea samaki miiba, nikakaa naye mpaka giza liingie. Akishakula, aliketi mkekani, kiganja juu ya udi mkuukuu uliokatika nyuzi, macho ameyafumba.

"Mwanangu yuwapapia nyuzi leo," alisema siku moja. "Mbona ana haraka?"

Nilidhani ni uzee. Kisha nikaanza kuvitazama vidole vyake. Vilikuwa vikigonga ule ubao taratibu, vikisita, vikiendelea, kama vya mtu anayemfuata mwenzake. Jioni ile niliondoka kabla ya giza, lakini kesho yake nilirudi.

Juma la pili, jua likiwa bado dirishani, alifumbua macho ghafla.

"Amenyamaza," alisema. "Mke wa mwanangu amenyamaza katikati ya ubeti!"

Akanishika mkono mpaka nikaumia. Halafu akaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Sauti ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, lakini ilipanda bila kuyumba mpaka mwisho wa mstari, na huko nje watoto waliokuwa wakicheza wakanyamaza wote. Alipomaliza alijifunika mtandio usoni.

"Nenda kamwite mamako."

Mama alikuja mbio, mikono ina unga. Hatujakaa sana na nyanya, simu ya mama ikalia. Alikuwa yule baba, kutoka Maskati. Mkewe alikuwa ameanguka jukwaani akiimba, hakuinuka tena.

Walimzika huko huko, wakarudi wawili. Siku waliyofika, binti alinivuta uani, nyuma ya nguo zilizoanikwa. Nikampa pole.

"Mama alipoanguka, ule ubeti ulimaliziwa," alininong'oneza. "Niliusikia. Sauti ya mwanamke mzee. Baba asema nilichanganyikiwa. Nyinyi huku hamkusikia kitu?"

Nilitaka kumsimulia yote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliona kwamba nikiyasema, jambo lile litakuwa kweli na litakaa nami.

"Hapana, hatukusikia kitu," nikamwambia.

Akaingia ndani. Hakuipiga kanuni tena. Nyanya alifariki kabla mwaka haujaisha, baba akamchukua bintiye wakahama, na hakuna mtaani anayejua walikokwenda. Nimewauliza wengi. Nyimbo zile siku hizi huzisikii Kisauni, na wapangaji wapya hawajui kama ziliwahi kuimbwa.

Huenda yule binti ana watoto sasa. Huenda amewasimulia bibi yao alivyokufa jukwaani, na ule ubeti uliomaliziwa akauruka, kwa sababu alikwisha kubali kwamba akili ilimchezea. Haikumchezea. Aliyebaki anayejua hivyo ni mimi peke yangu, na aliponiuliza, nilimwambia hapana.