Kambale Mmoja wa Mama Lusia

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi mizani na wavu wa kukokota. "Kijana, kazi yako ni kujua kambale anakuaje mtoni na anakuaje bwawani. Basi." Nilikuwa nimetoka Ilula kulima nyanya, na kazi ile niliipenda siku hiyo hiyo.

Kituo chetu cha utafiti wa samaki kilikuwa karibu na Igawa. Mtoni tulimvua kambale, tukampima, tukamkata ncha ya pezi iwe alama, tukamrudisha. Akinaswa tena, tunajua ameongezeka kiasi gani. Wa bwawani kumpata si shida, ila kambale hula wenzake. Mtoni mdogo hujificha kwenye matete. Bwawani hana pa kukimbilia. Kwa hiyo tulikuwa tukichambua vifaranga, yaani samaki wachanga, wakubwa bwawa lao na wadogo lao. Ni kazi ya matope na mgongo, na haina njia ya mkato.

Akaja Mkuu mpya, akaona kuchambua ni kupoteza muda. Akawaacha wote bwawa moja. Siku ya kupima, wastani wa uzito ukawa umepanda.

"Umeona? Wanakua zaidi."

"Mkuu, wadogo wameliwa. Tuhesabu wamebaki wangapi."

"Wewe umezoea ubishi. Kesho kuna wageni, usiniharibie."

Hakuhesabu. Akaenda Madibira kuwafundisha wakulima upuuzi ule. Mama Lusia, mjane, akamwamini, akachimba bwawa kwenye jaruba lake la mpunga, naye hakuwa na jingine.

Nilikwenda kumsaidia kuvuna. Tulikokota wavu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoka kambale mmoja, mnene kama paja la mtu.

"Bwana samaki, na wenzake?"

Nilimweleza kuwa huyu ndiye aliyewala. Akamchukua yule kambale akaenda kumpika. "Mgeni haondoki kwangu na njaa," alisema. Watoto wake walikuwa wanatazama sahani yangu. Nikala.

Mkuu yule alipandishwa cheo. Mimi nimestaafu, nimerudi Ilula, ila hasira sijaistaafisha, wala sina mpango huo.

Juzi bwana samaki mmoja kijana alipita kunisalimu, akanitajia kwa fahari wastani wa mabwawa ya wakulima wake.

"Wamebaki wangapi?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akatazama chini. "Mzee, hatujahesabu."

Sikumkaribisha chai.