Mkono wa Mbao Jikoni kwa Wifi

"Samahani, jirani," mshonaji wa nyumba ya pili aliniuliza siku moja tukiwa kwenye foleni ya bomba, "hivi wifi yako anafanya nini huko jikoni kwake? Kwanza nimeona analetewa misumari. Halafu mpira wa baiskeli. Na leo asubuhi, naapa, nimepita dirishani nikaona mkono wa mtu mezani, mwenyewe hayupo!"

Nilicheka hadi nikaipiga ndoo teke. Nikamwambia ule mkono ni wangu. Akaitazama mikono yangu, mmoja, halafu wa pili, akaisogeza ndoo yake mbali na yangu. Nikaona afadhali nilieleze jambo hili mara moja, tangu mwanzo, watu wasije wakasema nyumba ile ina uchawi.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu. Alipika miaka thelathini katika kantini ya kiwanda cha mabati, watu mia mbili kila mchana, na hakuna siku waliyosubiri. Walisema ana mkono. Maana chakula kikiwa kitamu hatusemi mpishi ana elimu wala ana bahati, tunasema ana mkono. Mimi mkono huo Mungu hakunipa. Nilipoolewa tu nikaenda kumsaidia, nikamuunguzia vitunguu vya sufuria nzima. Akachukua mwiko wake, akagonga nao fremu ya mlango.

"Wifi, sikiliza. Huu ni mwiko wa kukorogea. Na wewe kuingia jikoni kwangu ni mwiko wa pili. Usinivunjie hata mmoja. Mikono yako ni ya kufulia. Si dhambi, Mungu amegawa."

Sikununa. Wifi asipokuchokoza, ujue amekuchukia. Miaka ishirini na sita nilikula kwake nikikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko, tukiongea yeye ndani mimi nje, na sijawahi kula mahali pengine nikashiba vile.

Halafu kiharusi kikamjia, Jumanne asubuhi, akivaa viatu. Kwa rehema za Mungu mguu ulirudi polepole. Ulimi ulirudi wote, na hapo waliopata hasara ni sisi tuliozoea kutaniwa. Mkono wa kulia haukurudi. Ulimlalia mapajani kama kitambaa cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo.

Mwanawe wa pekee ni muuguzi katika mji wa mbali. Alikuja akamtunza mama yake wiki mbili. Ni kijana mwenye huruma, ila kazi yake imemzoeza kuona ajali kabla haijatokea. Akitazama jiko la gesi anaona mtu kaungua. Akitazama sakafu imemwagika maji anaona nyonga imevunjika. Siku ya kuondoka alikaa karibu na mama yake, akamshika ule mkono usiosikia.

"Mama, mtu asiyeweza kujipikia hawezi kukaa peke yake. Nitarudi likizo baada ya miezi mitatu. Nikikuta bado unaletewa chakula kwa mabakuli, tunafunga nyumba, unakuja kwangu. Chumba kipo, msaidizi yupo. Hutagusa hata kijiko."

Masikini, alidhani anamletea habari njema. Mimi nilikuwa nautazama uso wa wifi. Lile neno "hutagusa hata kijiko" lilimwingia kama amri ya kufukuzwa. Hakulia. Alinyoosha kidole cha kushoto kunielekea, maana mimi kwa yule kijana ni mkaza mjomba, mtu mzima wa kushuhudia.

"Kujipikia," alisema. "Umesema mwenyewe, kujipikia. Shahidi huyo hapo."

Kesho yake akaniita. Nikaenda, nikasimama pale pale nje ya mlango.

"Ingia."

"Na mwiko?"

"Umeondolewa. Nataka mtu wa kupigilia misumari, na mikono ya kufulia ina nguvu. Ingia, usinizibie hewa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia jikoni kwa wifi yangu, nikiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na nyundo mkononi.

Kitu cha kwanza tulichotengeneza kilikuwa kibao. Tulichukua kibao cha kukatia, tukapigilia misumari miwili kutoka chini, ncha zikatokeza juu. Msumari uwe wa chuma kisichoshika kutu, na uusugue kwa maji ya moto kwanza. Kitunguu unakichoma pale, kinatulia, unakikata kwa mkono mmoja. Chini ya kibao weka kitambaa kibichi, hakitaserereka. Hata wewe mwenye mikono miwili jaribu hicho kitambaa, utaniombea dua.

Cha pili kilikuwa cha kufungulia chupa. Chini ya rafu tulipigilia vipande viwili vya ubao, upande mmoja vimekaribiana, upande wa pili vimeachana, na ndani tukabandika mpira wa baiskeli. Unausukuma mfuniko pale katikati mpaka ubanwe, unazungusha chupa, umefunguka. Mume wangu alipoona, akaniomba nipigilie kingine nyumbani. Miaka yote ile nilikuwa nampelekea yeye chupa za kufungua, kumbe alikuwa anajikaza tu.

Kiberiti tulikigundisha ukutani, mbali na gesi, ili avute njiti na kuiwasha bila kushika boksi. Brashi ya vyombo tuliisimamisha ndani ya sinki, nywele juu, akawa anasugulia glasi pale.

Si vyote vilivyokubali. Wifi aliwaza kupiga mayai ndani ya chupa ya jamu yenye springi ya kitanda ndani yake. Ukitikisa, mayai yanapigika yenyewe. Kweli yalipigika. Ila mfuniko nilikuwa nimeufunga mimi, na yai lilipaa likaenda kutua kwenye kalenda. Mwezi wa sita wote tuliusoma kwa kukisia.

Viazi ndivyo vilivyotushinda. Vilikaa vizuri kwenye misumari, lakini kile kisu kidogo cha kumenyea, chenye mwanya katikati, kilikataa katakata. Akitumia kisu cha kawaida, kiazi kinaisha kabla ya maganda. Tukaviacha, tukasema Mungu ataleta njia.

Ikabaki mikate. Mkate haukai kwenye misumari, unabomoka. Siku moja wifi akaniambia, "Nenda kwa seremala. Mwambie nataka mkono wa kushikia mkate."

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulijua. Kule kantini, kitu chochote kinachokandamiza kingine kisisogee walikiita mkono. Jiwe juu ya mfuniko wa sufuria ni mkono. Ubao wa kubania gunia ni mkono. Wifi alitaka kibanio tu. Mimi nilifua nguo miaka yote hiyo, ningejuaje lugha ya kantini? Nilifika kwa seremala nikayafikisha maneno kama yalivyo.

Yule seremala ni mtu wa milango na madirisha, haongei ovyo na haulizi mara mbili. Alichukua penseli sikioni.

"Wa kulia au wa kushoto?"

Nikafikiri. "Wa kulia. Ndio uliokufa."

"Pole yake. Saizi?"

"Tunalingana."

"Weka wako hapa."

Nikauweka mkono wangu juu ya karatasi, vidole nimevitawanya kama alivyoniambia, akauzungushia penseli. Nilimsifu moyoni kwa kazi yake ya makini. Wala sikushtuka.

Baada ya siku sita aliuleta mwenyewe, umefungwa kwenye gazeti. Wifi akafungua. Ulikuwa mkono, ndugu zangu. Mkono mzima wa mti mgumu, umepigwa msasa mpaka unang'aa, una vidole vitano vilivyoachana, una hata kucha. Kwenye kifundo alikuwa ameutia bawaba ya mlango wa kabati na kuukaza kwenye ubao, ukiunyanyua unapanda, ukiuachia unashuka, kiganja kikitazama chini.

Wifi alinitazama. Akamtazama seremala. Akautazama mkono.

"Fundi," akasema taratibu, "hii kucha ya kidole gumba mbona imepinda?"

"Nimefuata karatasi, mama."

Wifi akakigeuza kidole gumba changu, ambacho kucha yake ilipinda tangu utotoni nilipobanwa na mlango. Akaangua kicheko. Sijui niseme vipi. Tangu ile Jumanne hatukuwa tumemsikia akicheka kwa tumbo, na sasa alicheka mpaka akashika meza, na seremala naye, ambaye hacheki, akaanza kutikisika mabega. "Nimeomba kibanio," wifi akasema huku machozi yanamtoka, "nimeletewa wifi!"

Nilitaka kumrudishia fundi kazi yake. Wifi akasema ngoja. Akanyanyua ule mkono kwa kiwiko, akasukuma mkate chini yake, akauachia. Ukaukamata, kwa uzito wake tu. Akapitisha kisu kati ya kidole na kidole. Kipande kikaanguka. Akapitisha tena, na tena. Vipande vyote sawa, unene mmoja, kama vya kiwandani. Akajaribu nyanya. Akajaribu yai la kuchemsha. Akakaa.

"Miaka ishirini na sita nimekukataza," alisema. "Sasa hata ukienda kwako unabaki humu."

Mimi nikasema nina nguo kwenye kamba, nikatoka upesi.

Basi, likizo ikafika. Kijana alikuja na masanduku mawili matupu, ya kuchukulia vitu vya mama yake. Aliyaweka sebuleni wazi, hakuficha. Wifi aliyaona, akamwambia akae kwenye kiti, chakula kinakuja. Mimi nikainuka kuelekea jikoni.

"Na wewe kaa," akaniambia. "Mkono wako mmoja umeshaingia, unatosha."

Akafunga mlango.

Tulikaa tukisikiliza. Njiti ilikwaruza ukutani, gesi ikasema fuu. Kisu, kisu, kisu. Maji. Harufu ya vitunguu ikaja, na havikuwa vimeungua. Kijana alikuwa ameegemea mbele, viganja magotini, kama mtu aliye zamu wodini. Ghafla kikaanguka kitu, mlio mkubwa wa bati sakafuni, halafu kimya. Akaruka. Nikamshika shati kwa nyuma kwa mikono yangu yote miwili ya kufulia.

"Niache! Mama ameanguka!"

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nilisema moyoni, Ee Mungu, kilichoanguka kiwe kifuniko tu.

"Kifuniko!" sauti ikatoka ndani, kali. "Nani amesimama? Kaa chini!"

Akakaa.

Baadaye mlango ulifunguliwa. "Njooni mchukue sahani zenu. Nimeambiwa kupika, sikuambiwa kubeba."

Tukaketi humo humo jikoni. Kulikuwa na mchuzi wa mayai, mkate, na viazi. Nilipoviona viazi niliganda, maana siku zote hizo hatukuwa tumevipatia njia. Sijui kama ni halali kuombea viazi, lakini niliviombea. Kijana hakula kwanza. Aligeuza mkono wa kushoto wa mama yake, akatafuta alama ya kuungua, hakuiona. Akakagua misumari, kiberiti, brashi ya sinki. Akaunyanyua ule mkono wa mbao, akauachia ukaangukia kiganja chake, akakigusa kidole gumba chenye kucha iliyopinda, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo. Ndipo akala. Alikula sahani nzima akaongeza. Halafu nikaona kitu kimemkwama, akakitoa mdomoni, akakiweka pembeni ya sahani. Ganda. Akatafuta sahanini, akapata jingine.

"Mama," alisema polepole, "viazi hivi vina maganda."

Nikayafikiria yale masanduku.

"Vinayo," wifi akajibu, bila aibu. "Kile kisu cha kumenyea kimenolewa kwa ajili ya mkono wa kulia. Nikikishika kwa kushoto, makali yanatazama upande mwingine. Nimegundua juzi. Miezi mitatu nimekuwa namenya hewa."

Kijana alikaa na lile ganda mbele yake. Alilitazama sana. Halafu akainuka, akakichukua kisu kutoka kwenye ndoano, akakishika kwa mkono wake wa kushoto, akajaribu kwenye kiazi kibichi. Hakikukata. Akageuza, akajaribu tena. Yeye ni mtu wa hospitali, anajua chombo kibovu na mgonjwa mbovu ni vitu viwili. Akakirudisha.

Alikwenda sebuleni. Tulisikia masanduku yakifungwa, moja, la pili, na yakasukumwa nyuma ya kochi. Aliporudi alichukua kipande cha mwisho cha mkate, akafutia mchuzi.

"Haya, Mama," akasema, "nikija tena nikuletee nini?"

Wifi alikuwa tayari ameanza kusugulia glasi kwenye brashi. Hakugeuka.

"Niletee kisu cha kumenyea viazi, cha mtu wa mkono wa kushoto."