Pompi Niliyoifunga na Bugali

Mi nianze kwa kusema wazi kwamba aibu hii ni yangu mwenyewe, hakuna muntu aliyeniroga. Kama mutacheka, mucheke mapema, juu ya vile kule mbele hapachekeshi.

Ilikuwa wakati wa vita ya Kongo (musiniulize ya kwanza ama ya pili, kwetu Baraka zote zilipita mulango mumoja), na mi nilikuwa na pikapu ya zamani iliyokuwa inabeba samaki ndagala kupeleka Misisi, mpaka njia ya huko, mbele ya Fizi, ikafungwa na gari yenyewe ikaanza kuvuja maji. Pompi ya maji ilikuwa imechoka. Ile pompi ndiyo inasukuma maji yazunguke injini isiungue, sasa yangu ilikuwa inakojoa kila mahali kama kamutoto, na kila nikiegesha mahali batu banajua nimepita. Nikaagiza mupya kwa batu ya boti, ikafika imefungwa vizuri ndani ya karatasi, nikaiweka chini ya kitanda nikisema nitaifunga siku yangu.

Siku yenyewe haikuningoja. Mama mukwe, mama ya Mapendo muke wangu, aliamka na tumbo limevimba, gumu, anatapika maji ya kijani. Hospitali ya Baraka ilikuwa imeporwa mpaka vitanda, munganga wa kupasua alikuwa amebaki mumoja tu, kule juu Fizi, na nesi akatuambia bila kuzunguka kwamba tumbo la vile linapasuliwa siku ileile, ama basi. Vijana wa kubeba kipoyi, kile kitanda cha mabegani cha bagonjwa, walikuwa wamekimbilia porini juu basoldat balikuwa banakamata kila mwanaume mwenye mabega bamubebeshe masanduku ya risasi. Kwa hiyo ilibaki gari yangu. Na mi.

Nikaanza kazi saa mbili asubuhi, pale barabarani mbele ya nyumba, na batu bakajaa kuangalia (vita ama si vita, batu ya Baraka hawakosi kuangalia injini imefunguliwa). Nikamwaga maji, nikatoa mukaba wa feni, nikatoa pompi ya zamani, nikakwangua uchafu, mukono unaenda vizuri kabisa, tena ninaeleza kwa sauti kubwa kama mwalimu. Sasa kati ya pompi na injini kunakaa karatasi fulani nyembamba ya kuzuia maji yasitoke, ilikuja pamoja na pompi, na mi kwa haraka ya kujionyesha nikaivuta vibaya ikapasuka katikati. Batu bakasema, aah. Mi nikasema hiyo si kitu, nitakata ingine kwenye karto, boksi ya sabuni, na kweli mafundi wote banakata kwenye karto. Ila karto inataka dawa yake ya kupaka, ile inayokaa kwenye tubu, na tubu ilikuwa kwa muzee Sadiki, fundi wa kule karibu na ziwa, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi.

Muzee Sadiki ndiye alinifundisha ufundi, halafu nikatoka kwake na mudomo, nikatangaza soko nzima kwamba gari yangu haitaguswa tena na yeye. Sasa niende kumupigia magoti mbele ya batu wote bale? Nikaingia jikoni, nikamwambia Mapendo anipe bugali ya jana, mukono mumoja tu.

Mapendo akaniuliza ya nini.

Nikamwambia ni mambo ya wanaume.

Ninyi munajua bugali ya muhogo inavyoshika. Matangazo ya kanisa tunayabandika nayo, mvua inapiga na karatasi haitoki. Nikaiponda na maji kidogo, nikapaka karto pande zote mbili, nikafunga, nikajaza maji, nikawasha. Hakuna tone. Batu bakapiga makofi, na mi (Mungu anisamehe) nikainama nikashukuru. Fundi mwenye akili angeacha injini ipate moto kwanza, aone. Mi nilikuwa nimeshapigiwa makofi.

Tukamulaza mama mukwe nyuma kwenye godoro, Mapendo pembeni yake, mi mbele peke yangu, juu kwa ukoo wao mukwe mwanaume hakai karibu na mama mukwe, hamuangalii usoni, hamugusi hata mukono. Miaka saba tangu nioe sikuwahi kusema naye neno moja. Akitaka kunisalimia anamwambia Mapendo, na Mapendo ananiambia mi, hata kama tuko wote watatu kwenye kiwanja kimoja.

Kwenye tambarare gari ilienda kama harusi. Pale mulima unapoanza nikaona sindano ya joto inapanda. Hapo ningesimama ningeokoa injini, naapa, lakini mbele yangu kulikuwa na bamama kumi na tano hivi ba soko, na mizigo kichwani, na nikasema nibapite kwanza, nisimame kule kwenye kona wasinione. Sindano ikafika mwisho. Nikapiga honi, bakasogea, na palepale katikati yao injini ikatoa mulio mumoja, ikajifunga, na mvuke ukatoka pande zote.

Nikafungua boneti. Pale chini ya pompi kulikuwa kunashuka kitu cheupe, kizito, pole pole, mpaka chini. Mama mumoja akaweka kidole, akanusa.

"Hii ni bugali," akasema. "Bamama, huyu iko anapika ndani ya gari."

Balicheka mpaka bakatua mizigo. Mumoja akauliza mboga ya sombe iko wapi. Na mi mupumbavu nikaanza kujieleza, mambo ya karto, mambo ya tubu, mpaka yule wa kidole akazunguka nyuma akamuona mama mukwe kwenye godoro. Kicheko kikakatika.

Injini ilikuwa imekufa, mwanaume mwingine hayuko, na Fizi bado mwendo wa saa nne kwa muguu. Mapendo hakuniuliza. Alifungua kitenge chake cha juu, akaniambia nichuchumae, na akamufunga mama yake kwenye mungongo wangu, kama mutoto.

Bale bamama baligeuka wote, bakaangalia porini, mpaka tukapita. Hawakutaka kutuongezea haya. Na kila tuliyekutana naye njiani alifanya vile, anasimama pembeni na anatupa kisogo, na mi ninapanda na jasho na mama ya muke wangu mungongoni, pumzi yake moto kwenye shingo yangu, na kila nikikanyaga vibaya anaguna. Nililia, siwafichi. Barabara ile ina mawe mengi.

Tulipofika nusu ya mulima alisema. Si kwa Mapendo. Kwangu.

"Mukwe wangu, umechoka. Nishushe upumuzike."

Nikasema, "Hapana, mama." Hayo ndiyo maneno tuliyosema mi na yeye katika dunia hii. Maneno mawili yangu.

Tulifika saa kumi jioni. Munganga alimugusa tumbo, akauliza tumetoka Baraka saa ngapi, na kwa nini hatukuja asubuhi. Nikasema gari iliharibika. Alimupasua kwa taa ya petroli, juu umeme haukuwako, na kesho yake saa tatu asubuhi mama mukwe akafariki.

Shemeji Alimasi, mutoto wake wa kwanza, ndiye alikuwa anakaa Fizi. Kwenye matanga alisimama mbele ya ukoo wote, na mi nikajua sasa ninaulizwa. Lakini akasema vita ndiyo imeua mama yao, na kwamba kuna mwanaume mumoja aliyesahau heshima yake akavunja muiko ili mama asifie njiani, na kwamba tangu leo mi si mukwe tena, mi ni mutoto wa nyumba. Wazee bakanipa mukono, mumoja mumoja. Nikaupokea. Nikakaa, nikala nyama yao.

Tukiwa tunashuka kurudi Baraka, Mapendo alitembea mbele muda murefu, halafu akasimama.

"Leo nilinyamaza juu yako, ya bugali sikuisema," akasema. "Usitegemee tena."

Gari ilibaki kule kwenye mulima, batu bakaitoa mipira ya magurudumu, bakaitoa viti, mwisho hata boneti. Mi sijashika spana tangu siku ile, na kama kitu kinanishinda ninakwenda kuuliza, hata kwa muntu niliyemutukana, hata mbele ya soko nzima. Hiyo nimeapa.

Alimasi alikimbilia ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi, na anarudi juma lijalo. Amenitumia salamu, anasema atafikia kwangu, kwa ndugu yake. Ndiyo maana ninyi nimewaambia leo, nione kwanza kwenu kama mudomo wangu unaweza kuyatoa mpaka mwisho mbele yake.