Siku Niliyomzimia Mke Wangu Gemu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa kijana mwenye ndoa ya miezi minane na kazi ya ukarani kwenye kituo cha treni hapa Mpanda. Mdogo wangu aliyekuwa Dar es Salaam alikuwa amenitumia boksi. Ndani mlikuwa na gemu, zile za zamani za kuchomeka kwenye televisheni, zenye pedi mbili za waya za kubonyeza kwa vidole na kaseti za kupachika juu. Usicheke. Nyie leo mna gemu mia kwenye simu, lakini wakati ule mtaa wetu haukuwa umeona kitu kama kile.

Watu walikuja na viti vyao. Walikuja Wapimbwe, wenyeji wa huku tuliosali nao, wakaja pia Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Kaseti ikigoma, tuliichomoa, tukaipuliza, tukairudisha. Sheria ilikuwa moja: ukifa, toa pedi. Hakuna aliyekuuliza umetoka wapi.

Mke wangu Felista, binti wa wakulima wa mpunga, alikuwa akitazama kutoka mlango wa jikoni. Kumbe mchana, mimi nikiwa kazini, alikuwa akijifunza peke yake. Jumapili hiyo tulipotoka misa, rafiki yangu Masanja, mfugaji, akamwita kwa utani: "Shemeji, njoo umwonyeshe karani kazi!"

Felista akafuta mikono kwenye kitenge, akaketi mkekani kando yangu. Nikafa mara ya kwanza. Nikafa mara ya pili. Yeye anaruka tu mashimo kama anavuka mifereji ya shambani kwao.

"Bwana karani, toa pedi!" Masanja alipaza sauti. "Au tukuletee maziwa upate nguvu?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Felista naye alicheka, macho hayabanduki kwenye kioo. Hakuwa akinicheka mimi. Alikuwa na furaha tu, na hilo nililielewa baadaye sana.

Niliinuka, nikachomoa waya ukutani. Nikatangaza mbele ya watu wote kwamba mke wangu si wa kucheza na wanaume, arudi jikoni. Watu wakabeba viti vyao, wakaondoka. Kesho yake nikalipeleka gemu kwa binamu yangu, kijijini Sitalike.

Wiki hiyo shangazi yangu alifika kutoka Kasekese, akasimuliwa na majirani. Hakunifokea. "Anaklet," aliniambia, "mkeo anakushinda kupika, na kila siku unakula unashiba. Hili la kurukaruka kwenye televisheni ndilo limekuumiza? Umemkatisha mtoto wa watu kicheko. Kamwombe radhi leo."

Nililifuata gemu Sitalike, lakini radhi sikuomba. Nilidhani boksi litanisemea. Felista alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka juu ya kabati. Hakuligusa tena. Tumezaa, tumelima, tumeuguzana, na sina lawama naye hata moja. Ila kuketi kando yangu akacheka vile, basi.

Siku hizi muziki wa gemu lile nausikia kwenye simu za vijana wa bodaboda. Watu wazima wakiusikia hutabasamu, wakabishana nani alikuwa bingwa wa mtaa. Mimi hunichoma.

Krismasi iliyopita mjukuu wetu Neema alilipata gemu lile lile kwenye kidude kidogo kama kiberiti, akalichomeka kwenye televisheni. Muziki ulipoanza, nikajikaza. "Mama Veneranda," nikamwambia mke wangu, "ile Jumapili nilikukosea. Niliona aibu kushindwa na wewe. Nisamehe."

Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. "Nilikuwa nimefika mbali siku ile," akasema. "Mpaka leo sijui mwisho wake ukoje."

Neema akampa pedi. Vidole vya mke wangu siku hizi vinauma, haviendi haraka. Alifia kwenye shimo la kwanza. Akatabasamu, akamrudishia mtoto pedi, akavuta ungo wake.

Mwanangu, alinisamehe, lakini mkono wake sikuweza kuurudisha ulivyokuwa. Kwa hiyo nakuomba: mtu wa nyumbani kwako akikushinda, mpishe, tena mshangilie kuliko wageni. Ukimkosea, mwombe radhi kwa mdomo wako, siku hiyo hiyo. Usitume zawadi ikusemee. Mungu akujalie mwenza anayecheka kwa sauti akiwa kando yako, na akupe moyo wa kumwacha afike mwisho.