Mtoto Ambaye Hakuwamo Kitabuni

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, ikichanganyika na ya karatasi kuukuu, hunirudisha Hyattsville, Marekani, mara moja, sakafuni, katikati ya magoti ya mama mdogo. Jumamosi mchana ilikuwa siku yangu ya kusukwa. Mama yuko zamu hospitalini, mabomba ya joto yanagongagonga ukutani, nami nina miaka kumi na mmoja, shingo imepinda, kitabu kiko wazi mapajani.

Kilikuwa riwaya ya Kiingereza ya enzi za Malkia Victoria, nene kama tofali. Mama mdogo alipewa na bibi mmoja wa Arlington aliyekuwa akimtunza: kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa kwa saa zake. "Nisomee," aliniambia, "ila kwa Kiswahili. Macho yangu yamechoka." Nikamwamini. Kiingereza chake kilinitia aibu madukani, na kwa akili zangu za wakati ule, mtu asiyetamka kama mwalimu wangu asingeweza kusoma kitabu kama kile. Msomi wa nyumba nilikuwa mimi, niliyemjibu kila mtu kwa Kiingereza.

Lakini kutafsiri kulinitoa jasho. "Mama mdogo, I don't know that one in Swahili," nililalamika kila baada ya mistari miwili.

"Kama hulijui neno, lieleze. Mdomo si wa kulia wali tu."

Hadithi yenyewe ilimhusu binti wa fundi saa aliyetafuta mapenzi ya kweli kwa kurasa mia nne. Wachumba walikuwa watatu: tajiri mwenye kiwanda, kasisi kijana mwenye kifua kibovu, na mpimaji ardhi ambaye hakusema kitu, alikuja tu kutengeneza geti la watu. Mama mdogo alikuwa na neno kwa kila mmoja. Kuhusu kasisi alisema, "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini cha huyu ni kikohozi tu, apelekwe hospitali." Nilicheka hadi akanipiga kichwani kwa kitana nitulie.

Halafu, katikati ya baridi, akaja Mzee Kombo, theluji imemganda viatuni, mkononi ana barua iliyofungwa katika leso nyeupe. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Barua ilikuwa ya kumposa mama mdogo, kutoka kwa Bwana Hamisi, aliyefanya kazi kwenye gereji ya kuegesha magari huko Alexandria. Mama aliipokea kwa heshima zote, maana ndiye dada mkubwa na wazazi walikuwa Morogoro. Jibu la posa halitolewi siku hiyo hiyo, hilo hata mimi nilijua. Mama mdogo alipoulizwa lini, alisema, "Niacheni kwanza nimalize kitabu changu." Watu wazima wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kuangalia ramani ya treni niliyokuwa nayo mkobani, nikaiona Alexandria kule ng'ambo ya mto, karibu na mwisho wa mstari. Mama alinizaa na alinipenda, lakini zamu zilimchukua. Aliyenipokea kutoka shuleni, aliyejua ninalia kwa sababu gani kabla sijasema, alikuwa mama mdogo. Nilimpenda mpaka nikawa mchoyo, na wazo la kubaki bila yeye lilinitia hofu ambayo sikuwa na namna ya kuisema, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Nikaanza kusoma polepole. Nilirudia kurasa. Niliongeza mvua mahali ambapo hapakuwa na mvua. Hata hivyo Jumamosi ya mwisho ilifika, na kitabuni binti wa fundi saa akaolewa na mpimaji ardhi, wakahamia mbali kaskazini kwa furaha kubwa.

"Akawakataa wote watatu," nikasema. "Akarudi kwa dada yake, kumlea mtoto wa dada yake."

Vidole vikasimama kichwani mwangu. "Mtoto? Huyo mtoto ametokea wapi?"

"Alikuwapo tangu mwanzo. Ila hawakumtaja."

Kisha akaendelea kusuka, taratibu kuliko kawaida. "Na yule mpimaji, je? Hana miguu ya kumfuata?"

"Kitabu hakisemi."

"Haya," alisema.

Wiki iliyofuata akakubali posa. Nililia siku mbili, na sikula pilau ya harusi. Lakini Bwana Hamisi, sasa baba mdogo, ndiye aliyehama. Alipanga ghorofa ya chini yetu, na Jumamosi zangu zikaendelea. Nilidhani ni bahati, au kwamba kule Alexandria nyumba ilikuwa mbaya.

Mwaka jana mama mdogo alinieleza, akicheka, kwamba kazi yake kwa yule bibi wa Arlington ilikuwa pia kumsomea, maana bibi hakuwa akiona vizuri, na kitabu kile walikimaliza pamoja kabla mama mdogo hajapewa. Alijua kila neno nililoliacha na kila mvua niliyoiongeza. Isitoshe, nilikuwa nimekaa chini yake na kitabu kikiwa wazi mbele ya macho yake. Mama yangu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikutoka hata magotini.

Nilimwendea baba mdogo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekwenda Alexandria na kurudi, basi moja na treni mbili, akiondoka kabla hatujaamka, na sikuwahi kumwona akikunja uso. Nikamuuliza kwa nini alikubali.

"Mzee Kombo aliniletea jibu," akasema. "Akaniambia amekubali, ila kuna mtoto."

"Na wewe ukasemaje?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu. "Nikaenda kutafuta nyumba."