Mbao za Banda la Ndama

Wifi yangu haogopi ng'ombe. Nimemwona kwa macho yangu akimdaka pembe fahali aliyekata kamba, akamrudisha zizini huku anamtukana yeye na ukoo wake wote, na mimi shujaa niko juu ya ukuta napiga mayowe. Tangu aolewe na kaka yangu kazi yake ni hiyo hiyo, kulea ndama. Ukiwa na ndama aliyefiwa na mama, au aliyezaliwa goigoi, unampelekea yeye, anamnyonyesha kwa chupa mpaka asimame. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Ndama. Mimi namwita Wifi, na nikikasirika namwita hivyo hivyo, ila kwa sauti nyingine.

Mwaka huu ndio nilimwona akiogopa. Binti yake alipoteza mimba, akapoteza nyingine, mpaka tukaacha kumuuliza habari za watoto. Safari hii ikashika, lakini mtoto akatoka kabla ya wakati wake, kadogo, nikamwambia Wifi mjukuu wako anaenea kwenye kiatu cha babu yake. Hakucheka. Hospitali walikaa naye mpaka akaongezeka uzito, kisha wakamruhusu na kumwonya binti: ngozi yake bado changa mno, msimsogeze karibu na ugonjwa wowote. Binti akasema anakuja kukaa kwa mama yake mpaka mtoto akomae. Tangu siku hiyo Wifi akawa analala na kuamka na jambo moja tu, huyo mtoto afike salama na akae salama.

Kaka yangu ni seremala, na macho yameanza kumtupa mkono. Akasema kitanda cha mjukuu atakitengeneza mwenyewe, kiwe kazi yake ya mwisho. Akang'oa mbao za pembeni kwenye banda la ndama, mbao ngumu za tangu enzi za marehemu baba, akapigilia mpya mahali pake. Kitanda kilipokwisha akaniita nipapase kingo. Jamani, laini kama shavu!

"Unaona?" akasema. "Hapo haikupita randa wala msasa. Ndama ndio waliozisugua, miaka yote hiyo. Mimi nimefuta vumbi tu."

Akajivuna wee, na mimi nikamsifu.

Sasa, wiki ile ile ya kumsubiri mtoto, ndama mmoja mweusi akashikwa na choa. Kwanza kiduara kimoja kando ya jicho, manyoya yamenyonyoka, ngozi imefanya magamba meupe kama amepakwa unga. Kesho yake viduara shingoni. Wifi alishawahi kukiona choa mara nyingi, hakikuwahi kumnyima usingizi. Safari hii akataka kiishe kabla mjukuu hajafika, na mtu mwenye haraka ndiye anayesikiliza kila mtu. Na kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Muuzaji wa sokoni akaleta kitunguu saumu kipondwe kipakwe. Dobi akaleta sabuni ya magadi. Jirani wa nyuma akasema majivu na ndimu. Fundi wa magari akaja na kopo la oili chafu, nyeusi tii, akaapa kwamba kwao ng'ombe wote wamepona kwa hiyo.

"Mnampaka ndama oili," nikawaambia, "mnataka apige stati?"

Wifi akanikata jicho. Akampaka, tena kwa mikono mitupu, tena nyingi, shingo nzima na mabega.

Ndama ni ndama, ana ulimi. Asubuhi ambayo binti alikuwa aje, tukamkuta amelala ubavu, mate yanamtoka, miguu inakakamaa, na mabega yake, ulimi unapofika, yamelambwa yakang'aa. Wifi akapiga magoti kwenye samadi akamkumbatia kichwa. Mimi nikakimbia kumwita daktari wa mifugo, mwanamke mmoja mkavu, asiyesema neno mpaka amalize kazi. Akamchoma ndama sindano, akamnywesha dawa, akaomba maji na sabuni, tukamwosha ile oili wote watatu. Tukiwa katikati ya kazi tukasikia teksi inapiga honi upande wa barabarani. Nikamwambia Wifi tulia, kaka yupo, atawapokea.

"Huyu anaweza kupona," daktari akasema mwishowe. "Ila oili usirudie tena. Ina sumu, na wanajilamba. Choa kina dawa yake, nitakupa. Na uvae glavu, mama. Choa hakichagui. Kinatoka kwa ndama kinaingia kwa mtu, na watoto ndio kinawapenda."

Wifi akaficha mikono nyuma ya mgongo, kama vile mtoto alikuwa pale.

Daktari akawa anatazama banda. "Tena usitibu ndama ukasahau hizi mbao," akasema, akigonga boriti. "Akiwashwa anajisugua hapa, na choa kinabaki kwenye mbao. Kinaweza kukaa humo miaka, kinasubiri ngozi nyingine. Naona hizi za pembeni ni mpya, vizuri sana. Zile za zamani mlizichoma?"

 Niliisikia sauti ya kaka yangu, ndama ndio waliozisugua, nikaziona kingo zile laini, nikajua ulaini wake ulitoka wapi. Kila ndama aliyewahi kuwashwa katika banda lile alikuwa amepita pale.

"Mbao," Wifi akasema. Basi. Akatoka mbio, kandambili moja ikabaki kwenye samadi.

Nilimfuata, lakini yule mwanamke alikuwa anakimbia kama ameona nyumba inaungua. Nilipofika chumbani nikamkuta amesimama mlangoni, ameshika miimo kwa mikono yote miwili, haingii. Binti yake alikuwa anakunja nguo. Mtoto alikuwa kitandani, shavu limegusa ubao. Kaka yangu ameinama juu yake, anacheka peke yake.

"Mtoe!" Wifi akapiga kelele. "Mtoe humo! Mtoe!"

"Mama, una nini?"

"Mtoe nakwambia!"

Mtoto akashtuka akalia. Wifi akanyoosha mikono, akaiona, nyeusi kwa oili na magamba ya ndama, akairudisha kifuani. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwa mjukuu wake na hawezi kumgusa. Binti akamnyanyua mtoto, akadhani mama yake amerukwa na akili. Ikabidi mimi nieleze. Nikamaliza. Kaka yangu akapapasa ukingo wa kitanda, taratibu, upande mmoja mpaka mwingine, kisha akakibeba mwenyewe akakitoa nje. Hakuruhusu mtu amsaidie. Mafuta ya taa alimwagia yeye, na njiti ya kiberiti akawasha yeye.

Daktari alisema choa kikimpata mtoto kitajionyesha ndani ya wiki chache. Loo, wiki zile! Wifi alikuta kiduara kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akahamia chumba cha stoo. Kila asubuhi alikuwa anakuja dirishani kwa nje.

"Mvue nimwone. Mgeuze. Na kisogoni. Nyuma ya sikio umetazama?"

"Hamna kitu, mama."

"Tazama tena."

Wiki zikaisha, mtoto hana hata kiduara. Ndama mweusi akapona, manyoya yakarudi, Wifi wala hakufurahi. Mkono wake ukapona, daktari akauona, akamwambia basi, umekwisha, mshike mjukuu. Bado akabaki dirishani. Siku hiyo nikachoka mimi. Nikamshika bega, nikamwingiza ndani, nikamkalisha kwenye kiti.

Binti akamlaza mtoto mapajani kwa mama yake. Wifi akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Mtoto akapiga miayo, akalala. Yeye mikono juu.

"Wifi, shusha mikono."

"Siwezi."

"Shusha, jamani. Imepona."

"Naogopa, wifi yangu. Naogopa."

Nikaushusha mmoja mimi mwenyewe, nikauweka mgongoni kwa mtoto. Nikaendelea kuushikilia pale, usije ukanyanyuka tena.