Wivu wa Isaïe

Kwa miaka mingi, Isaïe peke yake ndiye aliyeweza kurekebisha mwendo wa fraiseuse, mashine kuukuu ya kuchonga chuma katika karakana moja ya Tshopo. Kidhibiti cha mwendo huo kilikuwa kimekufa, naye aliubadilisha kwa mkono, akisikiliza chuma kinavyolia.

Kisha Aurélie, fundi umeme, akakifufua kidhibiti hicho. Mashine ikajirekebisha yenyewe, na sifa zote zikawa za Aurélie. Wivu ukamchoma Isaïe. Wenzake walipokwenda kula, alichomoa waya mmoja wa kidhibiti.

Aurélie aliporudi, mashine iligoma. Aliuona waya uliochomolewa, akamtazama Isaïe, akaelewa.

“Papa Isaïe, shika taa. Nitakuonyesha penye inaingia, siku miye siko utarudisha weye mwenyewe.”

Isaïe akaishika. Alijifunza, lakini wivu ulizidi: hata kwa wema Aurélie alikuwa amemshinda.